Mbuzi kwenye Gunia: Namna ya Kununua Vipuri vya Kompyuta

Machi 2010, wateja kadhaa wa Newegg, duka kubwa la mtandaoni la Marekani linalouza vifaa vya kompyuta, walipokea prosesa za Intel Core i7-920 walizoagiza. Boksi lilikuwa na rangi zake na nembo yake. Walipolifungua wakakuta kipande kilichotengenezwa kufanana na prosesa, pamoja na feni ya kufinyangwa kwa plastiki ambayo isingezunguka hata kwa kusukumwa na kidole. Waliorudi kulisoma boksi kwa makini wakaona kilichowapita mwanzoni: maneno ya Kiingereza yenye makosa ya tahajia. Intel ikathibitisha kuwa ni feki. Newegg ikawafidia wateja, ikaachana na msambazaji aliyeleta mzigo ule, ikaendelea na biashara.

Kisa hicho kinamhusu mnunuzi wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli Avenue, Nairobi, kuliko anavyodhani. Feki inaweza kupenya hata kwenye duka safi lenye jina, kwa hiyo jina peke yake si kinga. Na duka la kuaminika hujulikana siku kifaa kinapogoma, si siku ya kuuza. Siku ya kuuza kila mtu ni mwema, soda inaletwa na kiti kinavutwa. Kazi ya mnunuzi ni kuisogeza karibu siku ile ya kugoma: ajaribu kifaa mapema awezavyo, ikiwezekana pale pale kwenye kaunta wakati pesa bado iko mfukoni, na amtazame muuzaji anavyolipokea jambo hilo. Anayesema "jaribu, mkubwa, chaja hii hapa" na anayesema "kaka, hiyo ni og, huniamini?" wameshajieleza wenyewe.

Wanaolizwa zaidi ni wanunuzi wa flashi, memori kadi na SSD za kuchomeka nje. Ndani ya flashi mna chipu inayohifadhi data na nyingine ambayo ni msemaji wake, inayoiambia kompyuta kuna nafasi kiasi gani. Mtengeneza feki humfundisha msemaji huyo uongo. Chipu ya GB 8 inajitangaza kuwa GB 256, Windows inaamini, muuzaji anaichomeka kwenye laptopu yake na mteja anaona kwa macho yake mwenyewe: GB 256. Picha za harusi zinaingia bila shida na majina ya mafaili yanaonekana yote. Siku ya kuyafungua ndipo inapojulikana kwamba kila kilichozidi GB 8 ama kimeandikwa juu ya cha zamani, ama hakikuandikwa popote.

Mwaka 2022 mtafiti mmoja wa usalama wa kompyuta alinunua mtandaoni SSD ya nje iliyotangazwa kuwa na TB 30, kwa dola zipatazo 31. Alipoipasua alikuta memori kadi mbili ndogo zimebandikwa kwa gundi, kila moja imefundishwa kujiita TB 15. Wakati ule SSD halisi ya nje yenye hata TB 4 tu iliuzwa kwa mamia ya dola. Bei yenyewe ilikuwa imeshatoboa siri, ila tamaa haisomi bei.

Dawa yake ni ya bure. Programu ya H2testw kwa wenye Windows, na F3 kwa wenye Linux au Mac, huijaza flashi mpaka pomoni kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Kasoro yake ni muda: flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde huchukua karibu saa moja na dakika hamsini kujaa, na bado haijasomwa. Hakuna muuzaji wa Kariakoo atakayemvumilia mteja saa zote hizo. Kwa dukani ipo ValiDrive, programu iliyotolewa mwaka 2023, ambayo hugusa sehemu 576 zilizotawanyika ndani ya kifaa na kutoa jibu kwa dakika chache. Mnunuzi apime haraka dukani, kisha afike nyumbani afanye kipimo kirefu usiku huo huo, kabla hajahamishia kitu chochote cha maana. Na asigombane na mtu bure: diski halali ya TB 1 huonekana kwenye Windows kama GB 931, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Hapo hakuna aliyeibiwa.

Hata diski zina ujanja wao, na ni wa hali ya juu zaidi. Januari 2025 chombo cha habari za teknolojia cha Ujerumani, heise, kilifichua kwamba diski za Seagate za seva zilikuwa zinauzwa kama mpya ilhali zimeshafanya kazi saa elfu nyingi. Mwaka una saa 8,760 tu, na baadhi ya diski hizo zilikuwa zimeshavuka miaka miwili ya kuwashwa mfululizo. Dhana kubwa ilikuwa kwamba zilitoka kwa wachimbaji wa Chia, sarafu ya kidijitali iliyovuma mwaka 2021 na ambayo huchimbwa kwa kutumia nafasi ya diski. Kabla ya kuuzwa zilifutwa kumbukumbu zake za afya, zile ambazo programu kama CrystalDiskInfo husoma, zikaonyesha saa sifuri. Seagate ilisema si yenyewe iliyozipeleka sokoni.

Waliofuta walisahau daftari la pili. Diski za Seagate za miaka ya karibuni huweka kumbukumbu nyingine iitwayo FARM, na programu ya bure ya smartctl, kuanzia toleo la 7.4, inaweza kuisoma. Daftari la kwanza likisema saa 3 na la pili likisema saa 20,000, mazungumzo yameisha. Kwa diski za kampuni nyingine mnunuzi abaki na CrystalDiskInfo, lakini asiangalie saa peke yake. Kuna mistari inayohesabu sehemu za diski zilizokufa na kuhamishwa, na nyingine inayohesabu zinazosubiri kufa. Diski iliyotumika miaka mitatu na mistari hiyo miwili ikasoma sifuri ni afadhali kuliko yenye miezi sita ambayo tayari ina sehemu arobaini zilizohamishwa.

Wakati mwingine si tapeli wa mtaani anayebadilisha utumbo wa bidhaa; ni kiwanda chenyewe. Mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa inauza baadhi ya diski zake za Red, zinazokusudiwa kwa hifadhi za ofisini, zikiwa na mfumo wa kuandika data kwenye njia zinazolaliana kama vigae vya paa, mfumo ambao ni mzito sana data inapoandikwa upya mara kwa mara. Haikuwa imewaambia wateja. Mwaka uliofuata SSD ya Crucial P2 ilibadilishwa chipu za ndani, kutoka zinazobeba biti tatu kwa kila seli hadi nne, nayo ikawa na kasi ndogo kuliko ile iliyosifiwa ilipotoka, huku jina na boksi vikibaki vile vile. Sifa za kifaa alizosoma mtu miaka miwili iliyopita huenda si za kifaa anachouziwa leo.

Ndiyo maana kwa SSD ni heri kutafuta ahadi iliyoandikwa kuliko sifa. Watengenezaji makini hutaja data kiasi gani inaweza kuandikwa kabla ya seli kuchoka, na waranti ya miaka mingapi. Samsung 870 EVO ya TB 1, kwa mfano, imeahidiwa TB 600 za kuandikwa au miaka 5, kimojawapo kikitangulia. SSD isiyotaja namba hata moja kati ya hizo, kwenye boksi au kwenye tovuti ya mtengenezaji, imeshamwambia mnunuzi ijiaminivyo.

Pawa saplai ndicho kifaa kinachonunuliwa kwa dharau kuliko vyote. Mtu anaweza kutumia wiki nzima akilinganisha prosesa, kisha akamwambia fundi "tafuta tu pawa saplai yoyote". Hiyo yoyote ndiyo inayosimama kati ya nguzo ya umeme na kila kitu alichonunua, na ikifa vibaya haifi peke yake.

La kwanza kuangalia ni kiswichi chekundu kilicho nyuma ya baadhi ya pawa saplai, hasa za zamani au za bei ya chini, chenye maandishi 115 na 230. Kompyuta iliyotoka Marekani hufika ikiwa 115, kwa sababu umeme wa huko ni wa volti 120. Ukiichomeka hivyo hivyo kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya, hulia kama fataki, chumba kikanuka, na hakuna waranti inayofidia hilo. Kiswichi kisukumwe kwenye 230 kwanza.

La pili ni kusoma lebo ya ubavuni badala ya namba kubwa ya kwenye boksi. Prosesa na kadi ya picha hula karibu umeme wao wote kwenye njia ya volti 12. Lebo huonyesha njia hiyo inatoa ampea ngapi. Zidisha kwa 12 na utapata wati zinazofaa kitu. Pawa saplai iliyoandikwa wati 500 kwa herufi za dhahabu, kisha lebo ikasema ampea 18 kwenye volti 12, ina wati 216 za kazi. Zilizobaki ni mapambo, au zimepewa njia nyingine ambazo kompyuta ya leo haizihitaji sana.

Watu wengi huishia kutazama alama ya 80 Plus, ya shaba, fedha, dhahabu na kuendelea. Alama hiyo ni ya kweli na ina maana yake: kifaa hakipotezi zaidi ya moja ya tano ya umeme kama joto, na kadiri madini yanavyopanda thamani ndivyo upotevu unavyopungua. Lakini haipimi uimara. Mwaka 2021 pawa saplai mbili za Gigabyte, GP-P750GM na GP-P850GM, zenye alama ya dhahabu, zilijulikana kwa kulipuka zikipimwa kwa mzigo mkubwa. Kampuni ikarekebisha kiwango cha kinga na kutangaza kubadilisha zilizokwisha uzwa. Dhahabu ilikuwepo, kinga ndiyo haikutosha. Kwa hiyo atafutwe mtengenezaji anayetoa waranti ya miaka 5 au zaidi kwa pawa saplai, kwa kuwa hakuna kampuni inayopenda kubadilisha vifaa vya bure kwa muda wote huo.

Kwa nchi zenye umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo, UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, si anasa. Hata ile ndogo ya kudumu dakika kumi inatosha kuizima mashine kwa adabu.

Kwenye kadi za picha, hadithi ni ile ile ya flashi kwa sura nyingine. Kadi za zamani kama GTX 550 Ti na GTS 450 zimekuwa zikiandikwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1060. Windows huamini tena. Ugonjwa ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 programu ya GPU-Z iliongezewa uwezo wa kuzitambua: ikiishuku kadi huandika neno la Kiingereza la feki mbele ya jina lake. Programu hiyo ni ndogo, hukaa kwenye flashi na haihitaji hata kusakinishwa. Kadi zilizotoka kwa wachimbaji ni suala jingine. Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za picha, na wachimbaji wengi wakabaki na kadi za kuuza. Kadi kama hiyo si lazima iwe mbovu, ila feni zake zimezunguka usiku na mchana. Ijaribiwe kwa mchezo mzito walau nusu saa huku joto likitazamwa, na bei yake iwe ya mtumba kweli.

RAM haina mambo mengi. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, pengo lake la chini limehamishwa makusudi, na anayelazimisha huvunja kibao. Programu ya MemTest86 iachwe ikimbie usiku mmoja. Kosa hata moja linatosha kuirudisha. Bei ya RAM ilipanda sana duniani mwishoni mwa mwaka 2025 kwa sababu viwanda vilielekeza chipu kwenye seva za akili bandia, na kila bidhaa inayopanda bei huvuta waghushi, kwa hiyo RAM "ya ofa" ichunguzwe mara mbili.

Lakini tukubali ukweli: wasomaji wengi hawaungi kompyuta kipande kwa kipande. Wananunua laptopu iliyokwisha tumika, ile inayoitwa "Ex-UK" Nairobi na "used" Dar es Salaam, iliyotoka ofisi fulani ya Uingereza, Ujerumani au Marekani, mara nyingi ikipitia Dubai, ambako barabara ya Khalid bin Al Waleed imekuwa mtaa wa kompyuta kwa miaka mingi na wafanyabiashara wetu wanaijua duka kwa duka. Si jambo la aibu. Laptopu ya ofisi iliyokaa mezani miaka mitatu mara nyingi ni imara kuliko mpya ya bei hiyo hiyo, kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya kampuni zisizopenda kusumbuliwa. Lakini ina mitego yake, na muuzaji hawezi kulaumiwa kwa mtego ambao mnunuzi hakuutafuta.

Stika ya "Core i7" haimwambii mtu chochote. Kinachosema ni namba inayofuata. Kwenye i5-8250U, ile 8 ni kizazi cha nane; i7-2620M ni ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, na i3 ya kizazi cha kumi huiacha mbali. Namba hiyo ina uzito zaidi sasa, kwani Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ndiyo sababu laptopu za kizazi cha sita na cha saba zimemwagika sokoni kwa bei ya kuchekesha. Anayetumia Linux atafurahia bei hizo. Anayetaka Windows ajue kwamba huenda ameuziwa mashine iliyowekewa Windows 11 kwa njia za panya. Muuzaji afungue ukurasa wa taarifa za mfumo, au programu ya CPU-Z, na jina kamili la prosesa lisomwe kwa sauti.

Mtego wa pili ni kufuli. Kampuni nyingi za nje huzifunga mashine zake: nenosiri la BIOS, mfumo wa Absolute unaokaa ndani ya programu ya kibao mama, au usajili wa Autopilot ambao huamka laptopu ikifutwa na kuunganishwa kwenye intaneti, ikamwomba mwenye nayo aingie kwa barua pepe ya kampuni asiyoijua. Kwa MacBook kuna kufuli la akaunti ya Apple, na hilo fundi wa mtaani halivunji, hata akiapa. Njia ya kujua ni moja: laptopu ifutwe na kuanzishwa upya pale pale dukani, iunganishwe kwenye intaneti ya simu, na mnunuzi aone mwenyewe inaomba nini. Aingie pia kwenye BIOS kuhakikisha hakuna nenosiri. Muuzaji akisema hakuna muda, mnunuzi aseme atarudi kesho wakati muda upo.

Betri nayo husema umri wake. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport huandika ripoti inayoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa inabeba kiasi gani. Ikiwa ilianza na mWh 50,000 na sasa inashika 27,000, imebaki na asilimia 54, na bei ishuke kwa gharama ya betri mpya. Kibodi itazamwe: ya Kijerumani imebadilishana Z na Y, na kuna watu wamegundua hilo nyumbani wakiandika jina la Zanzibar. Ukinunua kompyuta ya mezani ya zamani, fungua ubavu utazame kapasita kwenye kibao mama; vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita zenye maji mabovu ziliingia kwenye mamilioni ya vibao, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kugharimia ubadilishaji wa vibao vya OptiPlex peke yake. Zilizovimba au kuvuja haziponi.

Na jina kubwa lisimpumbaze mtu hata kwenye prosesa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya Core za kizazi cha 13 na cha 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zinapewa volti kupita kiasi na kuharibika taratibu. Ikatoa marekebisho ya programu na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Prosesa iliyokwisha umia hairudi kwa marekebisho hayo. Anayenunua i9-13900K iliyotumika aulize waranti yake bado ina muda gani, na asakinishe toleo jipya la BIOS kabla ya jambo jingine lolote.

Sasa muuzaji.

Kariakoo ina mawinga. Winga hana duka. Humdaka mteja barabarani, humsikiliza anachotaka, hukimbilia duka la mtu mwingine akachukua kifaa, akaongeza chake juu ya bei. Nairobi hufahamika kama broka. Wengi ni waaminifu kwa kiwango chao, na mgeni asiyejua mtaa hupata msaada wa kweli. Tatizo huja siku ya kurudi. Winga atakuwa mtaa mwingine na simu yake haipatikani, na mwenye duka atasema kwa haki kabisa kwamba hajawahi kumwona mteja huyo. Anayepita kwa winga amtake ampeleke hadi kwenye kaunta yenyewe, alipe pale, na risiti itoke kwa mwenye duka.

Malipo pia yanasema. Lipa Namba ya Tanzania na Till ya Kenya huonyesha jina la biashara kabla ya kuthibitisha. Jina likilingana na lililo mlangoni, vizuri. Muuzaji anayesisitiza atumiwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hasa yule wa Instagram anayeahidi mzigo utasafirishwa kwa basi pesa ikishaingia, anamwomba mteja anunue mbuzi kwenye gunia. Asiye na njia nyingine aagize kwa mtu anayekubali kulipwa kifaa kikishaonwa, au amtume ndugu aliye mji ule akakione.

Kabla ya kulipa, muuzaji aulizwe maswali matatu, kwa upole tu. Nikirudi kesho haifanyi kazi, nitakukuta wewe? Utanibadilishia, utaipeleka kwa fundi, au utanirudishia pesa? Kwa siku ngapi? Majibu yaandikwe nyuma ya risiti, na mhuri ugongwe. Waranti ya duka ya siku saba iliyoandikwa ni bora kuliko ya mwaka mzima iliyotamkwa. Kama inadaiwa kuwa kuna waranti ya mtengenezaji, namba ya utambulisho ya kifaa iingizwe kwenye tovuti ya kampuni. Dell, HP na Lenovo huonyesha hapo hapo waranti inaisha lini. Kifaa kilichouzwa kwa ajili ya soko la Dubai huenda kinatengenezewa huko tu, na hilo ni la kujua kabla.

Maneno yanayochapwa chini ya risiti nyingi, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, yasimtishe mtu kupita kiasi. Kenya, Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, aandike asiandike. Bidhaa feki hushughulikiwa na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia kwa upande wa Kenya, na Tume ya Ushindani, FCC, kwa upande wa Tanzania. Lakini hakuna ofisi inayoweza kumsaidia mlalamikaji asiye na karatasi. Tanzania karatasi hiyo ni risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, ambayo uhalali wake unaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato, TRA. Kenya ni ankara ya eTIMS ya mamlaka ya mapato ya huko, KRA. Anayekataa kuitoa, au anayetoa bei mbili, moja yenye risiti na nyingine isiyo nayo, amemwambia mteja kwamba mauzo haya hayakuwahi kutokea. Kwa laptopu ya mtumba risiti ina kazi nyingine tena: ndiyo itakayomtetea mnunuzi mashine ikija kudaiwa kuwa ya wizi.

Jambo dogo la mwisho kuhusu risiti hiyo. Mashine nyingi za EFD huchapa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto, si kwa wino, na ikikaa kwenye pochi au dashibodi ya gari hufifia mpaka ikawa nyeupe, mara nyingi kabla ya waranti kuisha. Ipige picha siku hiyo hiyo, ikiwa imelazwa kando ya kifaa, namba ya utambulisho isomeke.